Mawese Kwenye Klachi

Mtu akinisifu kwa kazi ya mikono yangu, mimi hukasirika. Wanangu wamezoea. Wateja wapya hudhani ni maringo, wengine hudhani ni uzee. Ukweli ni kwamba sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa nilipewa kwa kosa, matangani, mbele ya watu, nami nikazipokea nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Sisi wa Ujiji tulikuwa tumekwisha kuzoea. Unaamka asubuhi, unakuta boti imeshusha watu ufukweni pamoja na magodoro, masufuria, cherehani na kuku waliofungwa miguu. Wenye ndugu mjini walipokelewa na ndugu zao. Wasio na mtu walipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini, juu huko kupita Kasulu. Mimi nilikuwa kijana, fundi wa baiskeli, na nilikuwa nimeanza kugusa injini za boti. Ufundi sikuusomea. Niliupata kwa kufungua vitu vya watu na kuomba Mungu vifungike tena. Kiburi nilikuwa nacho cha kuwatosha mafundi watatu, na kauli yangu ilikuwa moja: kilichoundwa na mtu hakiwezi kumshinda mtu.

Siku moja meli ya mizigo ikashusha gari bandarini kwa mbao. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, jekundu lililopauka, fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Injini yake iko nyuma, mahali ambapo watu wenye akili huweka mizigo. Vijana walilisukuma mpaka Kasingirima, kwa binamu wa mwenye gari, na watu wakalicheka njia nzima. Walisema wenzake wameokoa vyakula na nguo, yeye kaokoa mwanasesere.

Mwenyewe alikuwa daktari wa meno kutoka ng'ambo, mtu mwembamba, shati limenyooshwa hata kama hajui atakula nini. Wote tulimwita Papa, kwa desturi ya kwao. Baadaye alinieleza kwamba lori lake lilichukuliwa na askari, na pikapu nayo ikachukuliwa. Hilo dogo waliliacha kwa sababu askari watatu walijaribu kuingia wakashindwa. Kwa hiyo ndicho chombo pekee alichobaki nacho uani siku ya kukimbia, basi akalipanda. Zamani alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama, kwa raha tu, akiwa bado hajaoa.

Mama yake mzazi alikuwa amevuka kabla yake na watu wa kanisa lake, akapelekwa kambini. Alikuwa mgonjwa, miguu imevimba na mgongo hauwezi kukaa wima. Kila aliyeshuka kutoka huko alikuja na salamu zake, na salamu zilikuwa zile zile: Mama anataka kuletwa ziwani. Hakutaka hospitali, hakutaka dawa. Alitaka akae ufukweni Ujiji aone milima ya kwao ng'ambo, kisha Mungu afanye analotaka. Papa alizunguka maofisi kuomba kibali cha kumtoa. Lori lisingeweza kumbeba mama yule, na basi ndiyo kabisa. Lakini gari lile, kiti cha abiria kilikuwa kinalala chali kama kitanda. Ndiyo maana alinitafuta. Hakulitaka gari kwa mbio, alilitaka kwa kiti.

Fundi wa magari halisi angekataa kazi ile, na wawili walikataa. Mimi nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Tulilisogeza mpaka kwetu, tukaliweka kwenye banda lililopakana na jiko la Mama yangu. Mama alikuwa anapika mawese kwa ajili ya kuuza. Mapipa yake yalichemka tangu asubuhi mpaka jioni, na ukuta wa banda langu ulikuwa na joto wakati wote, hata alfajiri. Nilipenda kufanya kazi pale kwa sababu hiyo. Joto hilo likumbukwe, maana ndilo lililonidanganya.

Kazi niliifanya kwa vitu vya kwetu. Gari lilikuwa chini mno kwa barabara ya Kasulu, kwa hiyo nilikata vipande vya tairi la lori, aina ile ile ya kukatia viatu vya makatambuga, nikavipachika juu ya springi, likanyanyuka karibu shubiri nzima. Sakafu ilikuwa imeoza upande wa dereva. Niliiziba kwa debe la mafuta ya msaada nililolipasua na kulinyoosha kwa nyundo, na maandishi yake yakabaki yakisomeka chini ya miguu ya Papa. Taa za mbele zilikuwa za kujificha, zikilala hazionekani, na mota zake zilikuwa zimekufa. Nikatoboa tundu, nikapitisha kamba ya nyavu mpaka ndani. Ukivuta kamba, taa zinafumbua macho. Papa alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Alikuwa ananishikia spana, ananiuliza kila kitu kwa adabu, na kila nikimaliza jambo anasema asante, fundi, kana kwamba nimemng'olea jino bila maumivu.

Ikabaki klachi.

Klachi ya gari lile haikuvutwa kwa waya. Unakanyaga pedeli mbele, mafuta yanasukumwa ndani ya bomba jembamba lililopita chini ya sakafu, mpaka nyuma kwenye injini. Mpira wa ndani ya silinda ulikuwa umepasuka. Mpira mwingine wa namna ile sidhani kama ungepatikana hata Dar es Salaam. Nikautazama, nikaona umbo lake nalijua: ni ngozi ya pampu ya baiskeli. Nilichagua ngozi nzuri, nikaikata kidogo kidogo, nikaisugua, ikaingia ndani ya silinda kama imezaliwa humo. Hilo nalisema hata leo kwamba lilikuwa jambo la akili. Kama ningeishia hapo ningekuwa na haki ya kujisifu.

Tatizo likawa mafuta ya breki. Masika yalikuwa yamekata reli, na mizigo ilikuwa bado inafika mjini kwa kudondoka. Kidogo kilichofika kilikwisha kwa magari ya mashirika. Papa alikuwa na nusu kopo alilovuka nalo. Niliyamimina yote kwenye breki, maana breki sikuthubutu kuzifanyia mchezo. Kwa klachi hakikubaki kitu. Sasa, kila fundi wa baiskeli Kigoma anajua ngozi ya pampu inalainishwa kwa nini. Inalainishwa kwa mawese. Ngozi ikikauka, unachovya kidole kwenye chupa, unapaka, pampu inapumua upya. Ngozi inapenda mawese. Nikachukua chupa moja jikoni kwa Mama, nikayachuja yale mepesi ya juu kwa kitambaa, mekundu, safi, nikajaza klachi.

Ikafanya kazi. Pedeli ilikuwa laini ajabu. Tulilizungusha gari mchana mpaka Katonga na kurudi, wachuuzi wa dagaa wakaacha wateja wao kuja kutazama. Papa aliniuliza kama nilipata mafuta. Nikamjibu kwamba nilipata. Sikusema ni ya nini.

Kibali kikatoka ghafla, siku ya Ijumaa. Kilisema mama atatolewa Jumamosi, na karatasi igongwe mhuri katika ofisi ya kambi kabla ya saa sita mchana, ofisi inapofungwa. Jioni ile binamu yake Papa alikuja akasema amepata pikapu ya kukodi, wangetandika godoro nyuma, waende polepole. Papa alinitazama mimi. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba gari bado halijajaribiwa safari. Nikasema gari liko tayari, wasisumbuke na pikapu. Nikaongeza kwamba nitakwenda naye mimi mwenyewe mpaka kambini, kisha nirudi kwa basi, kiti kibaki cha mama.

Tuliondoka alfajiri, saa kumi na moja, mwezi wa saba, wakati wa kipupwe. Gari lilitoka kwenye joto la jiko likiwa halina neno. Kupanda kutoka mjini pedeli ikaanza kuwa nzito, nami nikajifanya sijaona. Papa alikuwa akizungumza juu ya mama yake, jinsi alivyokuwa akiwapigia watoto wake filimbi kwa vidole badala ya kuwaita. Upepo wa baridi ulipenya kupitia tundu la kamba ya taa.

Kidahwe tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari walisoma kibali, wakalizunguka gari, wakataka kuona taa zinavyofumbua macho, wakaitana. Ilipita nusu saa. Waliporidhika na kutufungulia, Papa alikanyaga klachi na pedeli ikazama. Haikurudi. Alijaribu kuinyanyua kwa ncha ya kiatu, ikanyanyuka kama mguu wa maiti, haikushika kitu. Askari wakatusaidia kulisukuma pembeni.

Nilikwenda mbele, nikafungua kifuniko cha kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. Mawese yalikuwa yameganda. Yalikuwa yamebadilika rangi, ya manjano, mazito, ukichomeka kijiti kinasimama. Na bomba lote, kutoka mbele mpaka nyuma, chini ya sakafu, lililopigwa na upepo wa baridi safari nzima, lilikuwa vivyo hivyo.

Niseme wazi jinsi nilivyolijua jambo lile. Nimezaliwa jikoni kwa mawese. Tangu nikiwa mtoto, kila asubuhi ya kipupwe, kazi ya kwanza ya Mama ilikuwa kutoa chupa zake nje na kuzipanga juani, zilainike kabla wateja hawajafika. Siku za mawingu alizisimamisha ndani ya beseni la maji ya moto. Mimi ndiye niliyekuwa nikilibeba beseni hilo. Hakuna jambo duniani nililolijua vizuri zaidi ya kwamba mawese huganda kwa baridi, na sikulikumbuka hata mara moja wakati nilipokuwa nayamimina kwenye gari la mtu. Nilikuwa nafikiria ngozi.

Nikakifunga kile kifuniko haraka, kabla Papa hajafika.

Alikuja akasimama kando yangu. Alitazama saa yake, ilikuwa saa moja kasoro robo. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwao, "Fundi, kama iko kitu, uniambie tu. Siko na hasira. Mama iko ananingoja."

"Hakuna kitu, Papa," nikasema. "Ni hewa tu imeingia kwenye bomba. Nitaitoa."

Hewa. Nililala chini ya gari nikagongagonga mabomba kwa spana ili asikie kazi inafanyika. Nilifungua nati na kuzifunga zile zile. Nilichokuwa nikikingoja ni jua. Nilijua likipanda vizuri, likalipiga lile gari ubavuni, mawese yatalainika, nami nitatoka chini nikijifuta mikono kama mshindi. Lakini asubuhi ile ilikuwa ya ukungu, na jua la Kidahwe lilikuwa halina haraka na mtu.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akiuza chai ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha nyasi. Alituona tunavyohangaika, akavuka, akatuamkia kwa Kiha, mwakeye, akatuletea vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Alikataa malipo kwa sababu aliambiwa tunamfuata mama mgonjwa. Nilitoka chini ya gari, nikakaa kwenye tairi, nikainywa chai ile. Ilikuwa ya moto, nikawa naipuliza. Nyuma yake, kibandani, sufuria kubwa lilikuwa likitoa mvuke. Niliuona mvuke ule. Nakumbuka niliutazama kwa muda mrefu.

Saa nne ndipo jua lilipotoka sawasawa, na karibu saa nne na nusu pedeli ikarudi. Papa alinishika mabega kwa mikono yote miwili. Tukaendesha kwa kasi yote ambayo barabara iliruhusu, debe la msaada likipigwa na mawe chini ya miguu yetu, tukafika kambini saa nane kasoro robo. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mlinzi wa lango alisoma kibali, akasema kwa upole kwamba bila mhuri hawezi kumtoa mtu, na mwenye mhuri ameondoka, atarudi Jumatatu. Papa hakugombana naye. Aliomba aruhusiwe kuingia tu, akaruhusiwa, hata na gari.

Mama yake alikuwa amekaa nje ya hema kwenye mkeka, ameegemezwa mfuko wa nguo. Walikuwa wamemwogesha alfajiri na kumfunga kitambaa kipya kichwani. Jirani yake akasema amekaa hivyo tangu saa mbili, amekataa kurudi ndani, asije akachelewesha safari. Alipoliona gari alitia vidole viwili mdomoni, filimbi ikatoka kidogo sana, pumzi zaidi kuliko sauti. Papa akamnyanyua, akamlaza kwenye kile kiti. Aliuliza ziwa liko upande gani. Papa akamwonyesha, akamwambia tutaondoka Jumatatu. Mama akasema si kitu, Jumatatu si mbali. Mimi nilisimama nyuma ya gari, mkono juu ya injini, nikiwa na maneno yote mdomoni, na sikuyatoa.

Nikarudi kwa basi peke yangu. Kwa miaka mingi nimejaribu kujifariji kwamba mwezi wa saba moshi wa mashamba yanayochomwa huifunika milima ya ng'ambo, na kwamba hata angeletwa asingeona kitu. Ni uongo mwingine. Basi lilipokuwa linateremka kuingia Kigoma jioni ile, milima ilikuwa wazi. Ningeweza kuyahesabu makorongo yake.

Mama yule alifariki Jumapili, ndani ya hema. Walimzika huko huko. Papa aliteremka Jumanne na gari, saa za mchana, jua kali, na klachi haikumsumbua.

Matanga yakawekwa Kasingirima, kwa binamu. Nilikwenda na Mama yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa ng'ambo, Wakristo kwa Waislamu, na wenyeji wengi. Papa alisimama kuwashukuru watu, akafika kwangu. Aliwaambia kwamba gari lilikufa njiani, kwamba fundi mwingine angelitelekeza, lakini kijana huyu alilala chini yake kwenye umande, hakukata tamaa, akashughulika nalo mpaka jua lilipopanda na likakubali kuondoka. Kwamba kwa ajili ya mikono yangu alimwahi mama yake akiwa hai, akakaa naye siku mbili. Watu wakanigeukia. Wengine walinipa mkono. Karakana niliyonayo leo ilianza na wateja walionisikia nikisifiwa siku ile.

Mama yangu hakunigeukia. Alikuwa anatazama mkeka.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitangulia mbele mpaka tukakaribia kwetu. Kisha akaniuliza, "Ile chupa uliyochukua jikoni, uliiweka kwenye gari?"

Nikasema ndiyo.

"Na mlipokuwa mkingoja jua, hapakuwa na mtu mwenye maji ya moto?"

Nikamweleza habari ya mama wa chai. Nilimweleza yote, mpaka sufuria na mvuke wake. Alisimama njiani. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alisema tu, "Rudi ukamwambie. Sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika."

Nikamwambia, "Kesho, Mama."

Kesho yake nilikwenda mpaka mlangoni kwa binamu, nikasikia Papa anacheka ndani na mtu, mara ya kwanza tangu msiba, nikaona nisimharibie. Siku ya pili yake nilikuwa na baiskeli za watu. Juma lililofuata alipata nafasi kwenye meli iliyokwenda kusini mwa ziwa, akaliuza gari kwa mfanyabiashara wa mjini, akaondoka. Aliniachia salamu na shati. Sijamwona tena. Kama yu hai ni mzee sana, na huenda huko aliko bado anawasimulia watu habari za fundi wake wa Ujiji. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu nimeishi naye tangu kabla sijaoa.

Mama yangu naye hakulitaja tena jambo lile, wala hakunitenga. Aliendelea kupika mawese yake mpaka nguvu zilipomwishia. Ila tangu siku ile, kila nilipoingia jikoni nikachukua chupa, hata nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, aliacha alichokuwa anafanya, akanitazama, akauliza: "Ya kula?"

Nami nilijibu, "Ndiyo, Mama. Ya kula."